Vipande vya kamba kwenye mkoba wa Zainabu

Jamani, leo nimekuta mkasi na vipande vya kamba kwenye mkoba wa binti yangu Zainabu, nesi wa Dar, aliyekuja kunisalimia!

Mtu mzima wa miaka thelathini, lakini nikamkalisha chini.

"Kamba za nini hizi?"

"Mama, kuna ukumbi wa faragha. Watu wazima wanafungana kamba kwa hiari yao, michezo ya chumbani. Mimi sichezi. Nasimamia asiumie mtu. Mtu akisema basi, nakata."

Nikamkazia macho. "Unatazama ya watu?"

"Wewe kungwi, siku ya harusi si unakaa mlangoni kwa bibi harusi?"

Shoga zangu, kanibana kwa kazi yangu mwenyewe!

Nikauliza tu, "Na mwanamume akigoma kuacha?"

"Mbele yangu? Hajazaliwa."

Mtoto nimezaa!

Ila Ijumaa napanda basi la Dar, nikamwone mwenye ukumbi. Nani ananisindikiza?