Uongo Wangu wa Saa ya Treni

Mwanangu Rehema, kaa hapa karibu na dirisha, hujachelewa popote. Jumatatu unaanza kazi kule Randburg, kumtunza mzee wa watu asiyejiweza, na mama yako ameniomba nikuambie maneno mawili matatu kwa kuwa kazi hiyo niliifanya miaka kumi na tisa. Namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani utafundishwa na wengine. Mimi nakumbuka siku moja ya aibu yangu, na hiyo ndiyo nitakayokusimulia.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimetoka Tanga, sijamaliza hata miaka miwili mjini hapa Johannesburg, nalala chumba kimoja na wenzangu watatu hapa hapa Berea. Nikapata kazi kwa bibi mmoja wa Kizungu. Jina lake Jean. Hebu litamke kwa ulimi wa kwetu uone. Mimi mtoto niliyesoma chuo cha Kurani, ningeanzaje kuamka asubuhi na kumwita mtu mzima, "Jini, chai tayari"? Nikawa namwita Bibi. Aliponiuliza kwa nini, nikamweleza maana ya jini, akacheka mpaka akashika mbavu. Tangu siku hiyo tukapatana.

Bibi Jean macho yake yalikuwa yamekwisha. Alibakiwa na mwanga kidogo tu, wa kumjulisha dirisha liko upande gani. Kusoma hawezi, saa haioni, sura ya mtu haioni. Nilimsomea barua, nilimchagulia nguo, nilimwambia chakula kiko upande gani wa sahani. Na kila nilichomwambia, alikubali. Shika hapo, mwanangu.

Kwao kulikuwa Uskoti, mji mdogo wa pwani ambao ulimi wangu haujaweza kulitamka jina lake mpaka leo. Aliondoka huko akiwa msichana, ameolewa, akaja Johannesburg na mumewe. Mwaka ule mwanawe wa kiume aliamua kuipeleka familia yote Edinburgh kwa wiki mbili, na mimi nikachukuliwa ili nimwangalie mama. Siku ya mwisho kabla ya kurudi, Bibi akasema anataka kwenda kwao. Mwanawe alikuwa na shughuli na watoto. Akaniambia, "Saida, mpeleke kwa treni, si mbali. Anuse bahari, ale samaki, mrudi."

Sasa sikiliza na upande wangu. Edinburgh hiyo hiyo alikuwapo Mwanaidi, rafiki yangu wa kucheza naye rede uwanjani kwetu Tanga, tuliyeachana tukiwa na miaka kumi na saba. Alikuwa akifanya usafi hospitalini, kazi za zamu, na siku zote hizo hatukupata nafasi. Jioni ya siku hiyo ndiyo tuliyoahidiana: saa kumi na moja, stesheni kuu, chini ya saa kubwa, kabla hajaingia kazini. Sikumwambia Bibi. Nilijiambia mambo yangu ni ya mtumishi, hayamhusu mwenye kazi. Nikapiga hesabu kwamba tutarudi mapema, basi.

Tukafika saa tano asubuhi. Walisema ni majira ya joto, lakini upepo ule, eish, ulipita kwenye koti kama sijavaa kitu. Bibi aliposhuka kwenye treni akasimama, akavuta pumzi. "Mwani," akasema. "Na lami ya mashua. Bado wanapaka lami." Akanishika mkono na kuniongoza yeye, kipofu, mimi mwenye macho nikifuata. Alijua ukuta unakokata kona. Alijua ngazi ni nne. Tukaenda kwenye bandari yao ndogo, tukaenda kanisani, tukarudi bandarini. Tukanunua samaki na chipsi zenye siki, tukakaa kwenye benchi, na ndege mmoja wa bahari, shakwe mkubwa kama kuku, akanipokonya kipande mkononi. Bibi aliponisikia nikipiga kelele akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi.

Nikaona anajizungusha. Tulipita kwenye mdomo wa kichochoro kimoja kinachopanda mlima mara tatu, na kila mara alipunguza mwendo, kisha akasema twende mbele. Nikimuuliza, anajibu, "Bado kidogo, Saida." Saa saba ikapita. Saa nane ikapita. Mimi moyoni nachemka. Nilidhani ni mzee anayepoteza wakati kwa sababu wakati anao.

Ilipokaribia saa tisa akasimama tena pale pale kichochoroni. "Sasa nataka tupande," akasema. "Kuna nyumba huko juu. Nitakaa kidogo."

Nikaitazama saa ya mkononi. Nikamwona Mwanaidi amesimama peke yake stesheni. Nikasema, "Bibi, haiwezekani. Treni ya mwisho ni saa tisa na nusu."

"Ya mwisho? Mapema hivyo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Umeisoma ratiba mwenyewe?"

"Nimeisoma mwenyewe."

Akabaki ameshika ukuta wa ile kona, akiupapasa kwa vidole. Kisha akasema, "Basi. Labda ndivyo ilivyokuwa iwe." Akageuka. Njia nzima alikuwa akijikwaa, yeye ambaye asubuhi alitembea kama ana macho kwenye nyayo. Mimi nilifurahi, mwanangu. Nakuambia ukweli, nilifurahi kwamba nitawahi.

Stesheni tulimkuta mama mmoja anayekagua tiketi. Aliponiona namkokota mzee mbio mbio, akatuonea huruma. "Usimkimbize hivyo, binti," akasema. "Hii ikikuacha, kuna nyingine kila saa mpaka usiku."

Alisema kwa sauti, na Bibi alisikia.

Nilitamani sakafu inimeze. Treni ikaja, milango ikafunguka, ikafungwa, ikaondoka, nasi tumesimama. Bibi Jean akakaa kwenye benchi, akaweka fimbo mapajani. Hakufoka. Bora angefoka.

"Saida," akasema, "kama ungekuwa umeiba pete yangu, ningenunua nyingine. Lakini umetumia macho yangu kunidanganya mimi mwenyewe. Mimi macho yangu ni wewe. Sina mengine."

Nikalia. Nikamweleza yote: Mwanaidi, saa kumi na moja, zamu yake, kwamba kesho tunapanda ndege. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia: "Kwa nini hukuniambia asubuhi? Tungekuja kwa treni ya alfajiri."

Nikajipangusa machozi. Akaendelea, polepole, "Na mimi nina kosa. Sikukuambia niliyemfuata ni nani."

Ndipo akanieleza. Katika nyumba ile alikuwa dada yake mkubwa, Elsie. Bibi alipoondoka kwenda Afrika mama yao alikuwa mgonjwa, na Elsie alibaki kumuuguza peke yake miaka tisa. Mama alipofariki, Elsie aliandika barua ndefu, na Bibi hakuijibu kwa sababu kila neno ndani yake lilikuwa kweli. Tangu hapo, kimya. Siku nzima ile alikuwa anatafuta ujasiri wa kupanda kichochoro. Ulipopatikana, nikauzima kwa uongo.

"Bibi, twende sasa," nikamwambia.

"Na rafiki yako?"

Nikasema, "Twende, Bibi."

Tukarudi. Tukapanda kile kichochoro hatua kwa hatua. Mlango ulikuwa mweusi. Nikabisha. Akafungua bibi kizee mrefu, aproni kiunoni, nywele nyeupe kabisa. Akanitazama mimi, akamtazama Bibi Jean. Akamtazama sana.  Kisha akageuka na kuingia ndani.

Bibi Jean alisikia zile hatua zikienda mbali. Upepo ulikuwa unavuma, na ukumbi wa nyuma ya ule mlango mweusi ulikuwa giza; kwake yeye mlango uliofungwa na mlango uliofunguliwa ilikuwa sawasawa. Akainamisha kichwa. "Amenifungia," akasema. "Ana haki. Turudi."

"Hapana, Bibi. Mlango uko wazi. Ameuacha wazi, ameenda jikoni. Namwona anaweka birika motoni."

Hakusogea. Alinigeuzia uso wake wote, na wallahi sijawahi kutazamwa hivyo na mtu mwenye macho mazima. "Unaniambia kweli?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokiharibu. Nilikuwa nasema kweli tupu, na hakuwa na njia ya kuijua. Nikaapa, lakini kiapo cha mtu aliyedanganya saa moja tu iliyopita kina uzito gani? Nikauchukua mkono wake, nikaunyoosha mbele, hewani, pale ambapo mlango ungekuwa kama umefungwa. Mkono ukapita. Akausogeza tena, taratibu, huku na huku. Kisha akainua mguu akavuka kizingiti.

Sikuingia nao sebuleni. Nilikaa jikoni na kikombe changu. Niliwasikia wakigombana kwanza, tena kwa sauti, kisha wakanyamaza, kisha mmoja akalia, sikujua ni yupi. Tuliondoka na treni ya saa mbili usiku.

Mwanaidi alinisubiri mpaka dakika ya mwisho, akaenda kazini. Alikasirika, akakaa mwaka mzima bila kunijibu. Tulipatana baadaye kwa simu, na sasa tunaongea kila Idi, lakini macho kwa macho hatujaonana mpaka leo. Bibi Jean na dada yake walipigiana simu kila Jumapili, namba nikizibonyeza mimi, mpaka Elsie alipofariki miaka miwili baadaye.

Na mimi? Bibi hakunifukuza, wala hakumwambia mwanawe. Ila tuliporudi Randburg, nilipomwambia saa, alikuwa akiwasha redio kimya kimya kuhakikisha. Alifanya hivyo miezi mingi. Nilistahili. Siku moja aliniuliza saa, nikamjibu, akasema "haya" na kuendelea kunywa chai, redio hakuigusa. Nilienda kufua nguo huku natokwa na machozi.

Kwa hiyo, mwanangu, nisikilize. Huyo mzee utakayemtunza atakupa miguu yake, masikio yake, na siku nyingine hata akili yake, uvishike kwa niaba yake. Usivitumie hata mara moja kwa faida yako, hata kwa jambo dogo, hata ukiwa umechoka. Ukiwa na haja yako, itaje. Wewe pia ni mtu, na ukinyamaza, haja hiyo itatafuta njia nyingine ya kutoka. Na ukimwona mzee anazungukazunguka sehemu moja, usihesabu dakika. Muulize anamtafuta nani. Huenda alikuwa anangoja kuulizwa tu.

Nenda basi, mama. Mwenyezi Mungu akuweke mikononi mwa watu wema, na wao awaweke salama mikononi mwako. Akupe ulimi ambao mtu asiyeona anaweza kuutegemea. Na uzee wako ukifika, akujalie wa kukushika mkono asiye na haraka nawe. Amin.