Majibu Yaliyoshindwa Kuvuka Ua

Naomba kumbukumbu ziwekwe sawa: maabara haikuchelewa. Damu ya mke wangu ilipimwa mapema, katika hospitali moja ya hapa Babati, na majibu yakawa tayari. Wodini, hata hivyo, kompyuta iliandika kwamba hakuna majibu, na daktari hakukubali kumpasua bila kuyaona.

Maabara niliiona dirishani, ng'ambo ya ua.

“Nesi, si mtu avuke tu ayalete?”

“Haturuhusiwi, mzee wangu. Yanapita kwenye mfumo tu. Karatasi ziliwahi kuchanganywa.”

Mke wangu, aliyejikunja kwa maumivu ya tumbo tangu tulipotoka nyumbani Singe, alifumbua jicho. “Mwache nesi wa watu. Hujastaafu ubosi wewe?”

Sikuweza kucheka. Midomo yake ilikuwa imepauka.

Binti yetu ndiye anayetunza mfumo huo. Nilimkuta ofisini mwake, mbele ya kompyuta, jasho likimtoka. Alinieleza kwamba mfumo umegawanywa katika programu ndogo, kila moja ndani ya kontena lake, yaani kisanduku cha kompyuta kinachoitenga na nyingine. Programu hizo huitana kwa majina, na mfumo wenyewe hujua kila jina liko wapi. Asubuhi hiyo, kwa agizo la uongozi, alikuwa ameelekeza mawasiliano yote yapitie proksi, yaani lango la kutokea kwenye intaneti, bila kuyatenga majina ya ndani yasipite huko. Programu ya maabara ilipoiita ya wodi, mwito ulipelekwa langoni, ambako jina hilo halijulikani.

“Yaani barua ya chumba cha jirani mmeipeleka posta?” nilifoka. “Nani aliidhinisha?”

“Baba, mimi si karani wako. Majina nimeshayatenga. Ila programu zinashikilia mpangilio wa zamani mpaka ziwashwe upya.”

“Basi ziwashe!”

“Zikigoma kuwaka, wodi zote zinabaki gizani.” Alitazama upande wa wodi. “Na mama yumo.”

Nilitaka kutoa amri nyingine, nikaiacha. Nikamshika bega.

Akabonyeza. Jina la wodi likatoweka kwenye kioo cha kompyuta. Likarudi. Kisha la maabara.

Nilirejea wodini karibu nikikimbia. Daktari alikuwa akisoma, akarudia kusoma. Hapo hofu nyingine ikanishika: tangu asubuhi nilikuwa nimepigania majibu yafike, wala sikuwa nimejiuliza yanasema nini.

“Tunaendelea,” alisema daktari.

Walipokisukuma kitanda kuelekea chumba cha upasuaji, mke wangu aliutafuta mkono wangu. “Usigombane na mtu nikiwa ndani,” alisema.

Nikaahidi.