Mpaka Upande Huu Uive

Chuo cha sheria cha ng'ambo kiliponitaka nifanye mtihani wa kuthibitisha kwamba najua Kiingereza, nilinuna siku nzima. Shahada yangu ya sheria niliisoma kwa Kiingereza hichohicho. Lakini sharti ni sharti, nikajiandikisha.

Sehemu ya kuzungumza ndiyo iliyonitia hofu: unapewa mada, unaongea dakika mbili bila kukwama. Mama, anayekaanga samaki katika soko la Kibuye, akajitolea kunifundisha. Kiingereza chake ni cha kuuzia samaki tu, ila sikio analo. Alitia kipande kinene cha mbuta kwenye mafuta, akasema, "Ongea mpaka upande huu uive." Nikikwama, jirani yake anayekaanga omena, vile vidagaa vinavyoiva upesi, alinicheka, akasema, "Rudia, wakili."

Siku ya mtihani niliambiwa nieleze chakula nikipendacho. Nikafunguka. Ndiyo kwanza nilikuwa nafika kwenye ugali, mtahini akanikatiza, akasema inatosha. Nilirudi sokoni nikamwambia mama nimeanguka, maana hata upande mmoja sikuumaliza.

Baadaye matokeo yalikuja kwenye simu: kuzungumza ndiko nilikopata alama za juu kuliko kwingine kote. Jirani akapiga vigelegele, nami nikamuuliza mama kwa nini basi yule mtu alinikatiza.

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Mimi nilikuwa nakaanga mbuta," akasema. "Huyo wako alikuwa anakaanga omena."