Krayoni Nyeupe ya Ruqaiya

Baba yetu alikuwa mpishi katika hoteli moja hapa Malindi, na msimu wa wageni ukiisha alirudi nyumbani na vitu walivyoviacha vyumbani. Mara nyingi ni upuuzi mtupu: mafuta ya kujipaka juani, kandambili ya mguu mmoja, kitabu cha Kitaliano ambacho hakuna aliyejua kukisoma. Mwaka nilioingia darasa la nne alileta boksi la krayoni. Pembe zake zilikuwa zimepondeka, na ndani mlibaki krayoni sita tu. Nasi watoto tulikuwa sita. Mama akasema hiyo ni riziki iliyopimwa, kila mtu achukue yake kwa umri, na asisikie kelele.

Kaka yetu Mahadhi akachukua buluu. Mimi Kuluthumu, wa pili, nikaitwaa nyekundu wala sikumwangalia mtu usoni. Walionifuata wakagawana kijani, manjano na kahawia. Ilipofika zamu ya Ruqaiya, kitinda mimba wetu, boksini mlikuwa na nyeupe. Ilikuwa nzima kabisa, karatasi yake haijachanika, ncha yake haijaguswa, maana hata mtoto wa Kizungu aliyeliacha lile boksi hakuiona kazi yake. Tukacheka sana. Nilimwambia akachoree maziwa.

Ruqaiya hakulia, na hilo liliniudhi, kwani nilikuwa nimeshajiandaa kumcheka akilia. Aliomba ukurasa wa daftari la Mahadhi, akalala kifudifudi sakafuni, akachora. Tulipomuuliza anachora nini alijibu kwamba ni nyumba. Tukakodoa macho, hatukuona kitu. Mama akamshauri achoree juu ya karatasi ya kaki ya sukari, kule rangi itaonekana, lakini alikataa. Akaenda dirishani, akauinamisha ukurasa mpaka mwanga ukaupiga kwa ubavu, na mistari ya nta ikang'aa. Nyumba ilikuwapo kweli, na mlango wake, na mtu amesimama mlangoni. Mimi nyekundu yangu niliimaliza kwa kujipaka midomo.

Aliyemwona siku ile ni bibi yetu, mama wa baba, aliyehamia Malindi kutoka Siyu na sindano zake. Bibi alikuwa akishona kofia za vito, zile kofia nyeupe za kiume zinazodariziwa kwa uzi mweupe juu ya bafta nyeupe, vitobo vidogo vidogo vikizungushiwa uzi kimoja kimoja, ndivyo viitwavyo vito. Kofia moja hula miezi. Bibi alipomwona mtoto anayeweza kuona cheupe juu ya cheupe, alisema huyu ni wake, na katika nyumba yetu akisema bibi limekwisha. Sisi wenye rangi zetu tulikwenda sekondari. Ruqaiya alimaliza darasa la saba akakalishwa barazani.

Watu wa Shela, mtaa wetu hapa Malindi, hukiita kile kipaji. Mimi nasema ile krayoni ilimtega. Angepata kijani angekuwa karani mahali fulani, anagombana na wateja, na macho yake anayo. Ndivyo ninavyoona, na sina haja ya kubishana na mtu.

Alishona ujana wake wote. Asubuhi alikaa karibu na mlango kupata mwanga, kofia ameiviringisha ndani ya kitambaa safi, anaifunua pale anaposhona tu ili pengine pasishike jasho. Aliolewa akishona. Mumewe akaenda Jeddah kuendesha lori, akasahau njia ya kurudi, naye akaendelea kushona na kumlea mwanawe wa pekee, Twahir. Kofia zake zilichukuliwa na wafanyabiashara, zikavaliwa Mombasa na Maskati na watu asiowajua. Kwetu ni sifa mwanamke kumshonea mumewe, ila Ruqaiya hakuwahi kuipata sifa hiyo, kwa sababu kila kofia aliyoikata vitobo ilikuwa tayari na mwenyewe anayeingoja. Mume wake, siku alizokuwapo, alivaa ya dukani.

Basi Twahir alipochumbia, Ruqaiya alisema ana haja moja tu iliyobaki. Siku ya nikahi, kichwani mwa mwanawe iwe kofia aliyoishona yeye. Amewavisha wanaume wa watu maisha yake yote, sasa anataka moja ibaki nyumbani.

Wakati huo macho yalikuwa yameshaanza kufifia. Alisema anaona moshi pembeni, kisha moshi ukasogea katikati. Hapa ndipo damu yangu huchemka mpaka leo. Washonaji wetu wana imani yao kwamba weupe huwaingia wote machoni, kwamba ni mtoto wa jicho, na kwamba mtoto wa jicho hatolewi mbichi. Husubiriwa aive. Ukifika pahali huoni hata vidole vyako, ndipo unakwenda kukatwa, na unarudi unaona kama msichana. Jirani mmoja alifanya hivyo, na kweli alirudi anaona vumbi nyumbani kwake akaanza kuwatukana wakwe zake. Kwa ushahidi huo Ruqaiya akangoja. Aliosha macho kwa marashi ya waridi, akangoja. Moshi ulipozidi alifurahi, akasema sasa anakaribia kuiva.

Mtu pekee aliyekuwa na akili mtaani ni Idah, mwanamke kutoka bara mwenye kibanda cha mboga karibu na mlango wa Ruqaiya. Alimwambia aende hospitali, akamwambia tena, akanipigia simu mimi niliyeolewa Gede ili nimwambie. Ruqaiya alitucheka sote wawili. Alisema watu wa bara hawawezi kungoja hata chai ipoe, na kwamba mimi nimeambukizwa. Akaja siku moja kummiminia Idah chai, akaimimina yote mkekani, kando ya kikombe. Idah akainuka. Alifunga kibanda, akamvalisha buibui, akanipigia nije.

Daktari alikuwa kijana mpole anayeitwa Mwenda. Alimpa shikamoo, akamkagua kwa muda mrefu, akazima taa yake akakaa.

“Mama, huyu si mtoto wa jicho,” alisema. “Ni presha ya macho. Imeua mshipa unaopeleka mwanga.”

Ruqaiya akamuuliza kama bado haijaiva. Daktari hakuelewa, ikabidi nimweleze ile habari ya kungoja. Alivua miwani, akaifuta bila sababu, akasema hakuna cha kuiva. Angekuja mapema wangeizuia kwa dawa. Kilichokwisha kupotea hakirudi kwa kukatwa wala kwa miwani, na kile kidogo kilichobaki nacho kinakwenda.

Tulipotoka nilimshika mkono, naye akaniachia niushike, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu utotoni. Alikuwa na maji ya marashi bado kwenye kope. Tulikaa kwenye benchi la nje kumngoja Idah atafute tuktuk.

“Mato yangu yamejaa weupe, Kuluthumu,” alisema kwa Kisiyu cha bibi. “Nimepawa ile krayoni tena. Na yeo hakuna dirisha.”

Mimi mwenye mdomo, ninayejibu hata nisichoulizwa, nikamfuta marashi kwenye kope kwa ncha ya buibui langu.

Alikataa kuiacha kofia. Ilikuwa imebaki nusu ya mzunguko, na harusi imekaribia. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda Idah alimtungia nyuzi kwenye sindano, akazichomeka kwenye mto, na Ruqaiya akashona kwa kugusa, akitafuta tobo kwa ukucha wa kidole gumba. Nilikwenda kumwona kila nilipopata nafasi, na kila mara nilitamani nisingekwenda. Nusu ya kwanza ya ile kofia ilikuwa kazi ya kumliza mtu kwa uzuri. Nusu ya pili vito vilipishana, vikapandana, mstari mmoja ukalipanda ua la jirani yake na kufa hapo. Palikuwa na madoa ya hudhurungi alipojichoma, yaliyokataa kutoka hata ilipofuliwa. Yeye hakuuliza inaendaje. Sisi hatukusema. Ilipokwisha ikatiwa wanga, akaifunga katika kitambaa na kumkabidhi Twahir kwa mikono miwili, na Twahir akaibusu ile mikono.

Twahir si mtoto mbaya, nataka lieleweke. Angekuwa mbaya ningemzaba kofi mambo yakaisha. Ana kazi ya ofisi Kilifi, humletea mamake samaki na matunda, hajawahi kumpandishia sauti. Siku ya nikahi, baada ya alasiri, wanaume walikuwa nje wakimngoja wampeleke msikitini, naye akatoka chumbani na kanzu na joho, amenyooka, na kichwani ana kofia safi kabisa, vito vyake vimelingana vyote kama meno ya kitana. Nilijua kabla hajafika karibu. Ilikuwa ya mashine.

Nilimvuta ukumbini nikamuuliza iko wapi ya mamake.

“Mama mkubwa, picha hizi zitakaa maisha,” alisema kwa sauti ya chini, na macho yake yalikuwa mekundu. “Ile nimeiweka, nitaitunza. Hataona.”

Nje walikuwa wanamwita. Akapita, akaenda kupiga magoti mbele ya kiti cha mamake kuomba radhi zake, kama afanyavyo kila kijana wa kwetu kabla ya kwenda kuoa. Wanawake waliokuwa sebuleni wakasogea kutazama. Ruqaiya alikuwa amevaa dera jipya, ametiwa udi, uso wake unang'aa kwa furaha niliyokuwa sijaiona tangu tutoke kwa yule daktari.

“Sogeza kitwa, mwanangu,” alisema.

Akauweka mkono juu ya kofia na kuanza dua. Vidole vyake vikatembea, kama vilivyozoea, vikashika tobo la kwanza, la pili, vikazunguka upande wa nyuma. Vikasimama. Nilimwona akivuta pumzi, na midomo yake ikaacha kusoma. Twahir alikuwa ameinama, hakuona kitu. Halafu Ruqaiya akaendelea na dua pale alipoachia, neno kwa neno mpaka mwisho, akamwambia aende, Mungu amuwafikishe, na akamlainishia joho mabegani. Vigelegele vikapigwa. Wanaume wakaondoka naye wakisoma kasida.

Wanawake walipokimbilia mlangoni kuwatazama, aliupapasa mkono wangu mpaka akaupata.

“Yangu ni mbaya sana?” aliuliza.

Ningeweza kumdanganya, lakini vidole vyake vilikuwa vimeshamwambia, na sikutaka awe peke yake katika kuujua ukweli ule. Nikamwambia ni mbaya.

“Basi amefanya vyema,” akasema.

Akaniomba nimpeleke chumbani kabla wenzake hawajarudi kumpongeza kwa kofia. Nilimwingiza, nikamketisha kitandani, na akaniomba nitoke nimfungie mlango. Nilisimama nje ya mlango nikiwaambia wageni amechoka, na nyuma yangu nilimsikia akilia mdomo ameuziba kwa leso, ili harusi ya mwanawe isiharibike.