Mnanaa wa Anayeondoka

Chakula cha hospitali hakina rafiki. Anayekipika anajua, anayekigawa anajua, na mgonjwa anajua kuliko wote kwa kuwa yeye hana pa kukimbilia. Chumvi kidogo, mafuta kidogo, pilipili marufuku. Mwanamke ambaye hospitali nzima inamwita Shangazi aliikuta hali hiyo alipoingia jikoni kuosha vyombo. Siku alipokabidhiwa mwiko aliamua kwamba, ikiwa chumvi hana ruhusa nayo, majani hakuna aliyemkataza.

Nyuma ya jiko kuna ukuta mfupi unaopata jua la asubuhi. Juu yake amepanga madebe ya mafuta yaliyokatwa nusu na kutobolewa chini kwa msumari. Humo mna kotimiri, mrehani, mchaichai, na mnanaa, ambao ukiuachia nafasi utawafukuza wenzake kama mpangaji mwenye ndugu wengi. Kila asubuhi, moto ukiwa bado haujakolea, hutoka na mkasi. Hang'oi. Hukata kidogo hapa, kidogo pale, juu ya kifundo jani linapochipukia, ili shina moja lirudi mawili. Wapishi wenzake wakivuta majani kwa pupa, huwauliza, "Ukinyoa kipara leo, kesho utasuka nini?" Kotimiri huitia kwenye dengu moto ukishazimwa. Mchaichai huufunga fundo na kuuchemsha na chai. Mrehani ni wa supu ya wasio na meno, kwa sababu, anasema, asiyeweza kutafuna anastahili angalau kunusa.

Mnanaa una kazi mbili. Uliokatwakatwa ni wa wote. Tawi zima, lenye urefu wa kidole, ni la mtu mmoja tu: yule anayeruhusiwa kwenda nyumbani siku hiyo. Hilo hulikata chini ya kifundo, kwa kuwa mizizi hutokea hapo.

Jambo hili alitoka nalo kwao. Katika nyumba ya mama yake hakuna aliyekwenda kuishi kwingine bila kukatiwa tawi. Binti akiolewa, kijana akipata kazi mbali, hata mpangaji aliyehama kwa ugomvi, mama alikata, akapukutisha majani ya chini, akafunga shina kwa kitambaa chenye maji. "Ukifika litie kwenye kikombe. Likitoa mizizi, na wewe umefika." Shangazi aliolewa na mnanaa mkononi. Ukahama naye nyumba baada ya nyumba, ukaona mazishi ya mumewe, na mwenye nyumba wa mwisho alipousakafia ua wote kwa saruji, akaubeba mpaka kazini.

Hakukusudia kuanzisha desturi hospitalini. Kikongwe mmoja wa wodi ya wanawake aliyekuwa akiruhusiwa alituma kuomba "kale kajani kanakonukia", naye akamwekea tawi kando ya yai lake la asubuhi. Lakini mgonjwa kazi yake ni kulala na kutazama. Wakatazama. Akapewa mwingine, wakatazama tena. Haikupita muda wodi zikawa zinasoma sahani kabla daktari hajafungua mdomo, na aliyepata tawi alipigiwa makofi.

"Shangazi," Sista wa wodi ya wanaume alimwambia wakati ule, akiwa ameegemea dirisha la jiko, "mgonjwa anaruhusiwa na daktari. Haruhusiwi na mboga."

"Mimi siruhusu, Sista. Mimi naaga tu."

"Siku utakayomuaga asiyeondoka, usije kwangu."

Hata hivyo ni Sista huyohuyo aliyepita kila alasiri kumwambia nani anatoka kesho. Na kwa kuwa jikoni majina ya wagonjwa hayajulikani, walitajana kwa vitanda: wa mlangoni, wa pembeni, wa dirishani. Siku hizi Shangazi hapokei habari za vitanda, na tawi hulipeleka mwenyewe mpaka mkononi. Sababu yake ndiyo habari yenyewe.

Dirishani alikuwa amelala kinyozi aliyevunjika mkono, mtu wa maneno mengi na hamu kubwa ya kula. Katikati ya wodi alilala seremala, fundi wa milango, aliyeanguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi akavunjika paja. Huyu Shangazi alikuwa hajamwona kwa macho. Alimjua kwa sahani yake, ambayo ilirudi jikoni kama ilivyotoka.

"Wa katikati amekula?" alikuwa akimuuliza mhudumu wa toroli.

"Amegusa."

"Kugusa si kula. Hata nzi hugusa."

Alimjaribu kwa mrehani, akamjaribu kwa kotimiri. Sahani zikarudi.

Alasiri moja Sista alipita akiwa na haraka, akasema neno moja tu: "Dirishani." Shangazi akaelewa: kinyozi anakwenda zake.

Usiku huo mvua ikanyesha, paa likavuja, na maji yakachagua kitanda cha seremala. Kinyozi ndiye aliyetoa wazo. Akawaambia wahudumu wa zamu, "Mleteni Fundi huku. Mimi kesho naondoka, dirisha nitalipeleka wapi? Angalau yeye aone watu wakipita." Wakamhamisha seremala dirishani, kinyozi akaenda kulala karibu na choo. Ulikuwa wema mtupu, na hakuna aliyefikiria kwamba wema huo ulipaswa kupiga hodi jikoni.

Asubuhi sahani ya dirishani ilipanda na uji, yai, kipande cha mkate na tawi la mnanaa. Mhudumu aliambiwa dirishani, akapeleka dirishani. Ilirudi imelambwa. Shangazi hakushangaa. Kinyozi ndivyo alivyokula siku zote.

Kabla ya adhuhuri kinyozi huyo alitokea kwenye dirisha la jiko, mkono shingoni, nguo za nyumbani mwilini.

"Shangazi, nimekukosea nini?"

"Kwani vipi?"

"Daktari amenikubali, Sista amenikubali, wewe jani umeninyima. Nitoke hivihivi kama mwizi?"

"Wewe mtu, acha mzaha. Jani lako nimeliweka kwa mkono wangu. Dirishani."

Kinyozi alikuwa na jibu tayari mdomoni, akalimeza.

"Dirishani yuko Fundi."

Shangazi akaweka mwiko chini. Akasikia yaliyobaki akiwa amesimama. Fundi alipoliona tawi alilinusa, akakaa, akala vyote, akaomba uji tena. Wodi ikapiga makofi. Akaagiza shati lake. Akampata mtu aliyekuwa anatoka, akamtuma kwa mkewe.

"Na mimi nimemnyoa," kinyozi akasema. "Kwa mkono mmoja. Nimempa hongera kabisa. Nilidhani wamemruhusu pamoja nami."

"Nani amemwambia ukweli?"

"Nani ana moyo huo, Shangazi? Sista alipopita na madaktari wakasema anayetoka ni mimi peke yangu, tukajua mambo siyo, lakini wao walikuwa upande wa pili, hawakuona kwamba Fundi ameshavaa. Sasa wodi nzima kimya. Wengine wanajifanya wamelala."

Hapo mtu angeweza kusema kazi yake ni sufuria. Kupanda ngazi kwenda wodini hakumo katika kazi za mpishi, na Sista alikwisha mwambia asiende kwake. Shangazi alinawa mikono, akapakua wali na dengu kwenye sahani, akaifunika, akapanda. Alipika miaka yote hiyo kwa ajili ya watu wa juu, na ngazi zile alizipanda kama mgeni.

Sista alikuwa mlangoni pa wodi, ameshajua. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Mfupa wake haujashika. Inabidi arudi chumba cha upasuaji, na damu yake iko chini, hawezi kupasuliwa mpaka ale apate nguvu. Tukaona tusimwambie mapema, asivunjike moyo." Akatazama kuelekea dirishani. "Sasa kavunjwa na nani, sijui. Labda sote."

"Acha nianze mimi. La jani ni langu. La mfupa utamalizia wewe."

Seremala alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Kidevu kinang'aa, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, mguu mmoja umevaa kiatu kilichofungwa kamba vizuri. Mguu wa pili ulikuwa umenyooshwa mbele yake, na bandeji yake, kama mzigo wa mtu mwingine. Mfukoni mwa shati lilichungulia tawi la mnanaa.

"Mama, chakula cha humu mimi nimeshakiaga," akasema kwa uchangamfu alipoiona sahani.

"Mimi ndiye ninayekipika."

"Wewe ndiye Shangazi?" Akajaribu kuinuka kwa heshima, ikashindikana, akacheka. "Basi asante sana. Mke wangu atalipanda hili mlangoni."

Shangazi akaketi bila kukaribishwa. Aliona kwamba akizungukazunguka, yule atazidi kushukuru.

"Fundi, tawi hilo si lako. Lilikuwa la kinyozi. Niliambiwa dirishani, sikujua mmebadilishana. Leo huendi nyumbani."

Wodi iliyokuwa imelala iliacha hata kukoroma. Seremala akamgeukia kinyozi.

"Wewe ulijua?"

"Haki ya Mungu sikujua. Ningekunyoa bure?"

Seremala aliutazama mguu wenye kiatu, kisha akasema polepole, "Mteja akija kuuliza mlango wake kabla haujawa tayari, namwambia hauko tayari. Atanitukana, atanuna, ataondoka. Lakini simpi bawaba moja aende akaishike afurahi."

"Ni kweli."

"Nimemtuma mtu kwa mke wangu. Ameacha kazi zake anakuja. Nitamwambia nini? Kwamba nimedanganywa na mboga?"

"Mwambie mpishi amekosea. Au nitamwambia mwenyewe, hapahapa."

"Toka."

"Nitatoka. Lakini Sista ana neno, na lake halina makosa. Lisikie kwanza."

Sista akasogea, akasema yote kwa mkupuo, kama anayebandua plasta: mfupa, upasuaji wa pili, damu, chakula. Seremala alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anayekagua ubao.

"Mtafungua palepale?"

"Palepale."

"Na chuma?"

"Hicho kitatoka. Kitaingia kirefu zaidi."

"Kwa nini hamkusema?"

Sista akafikiri. "Tuliogopa utaacha kula."

"Nilikuwa nimekwisha acha."

"Ndiyo. Tuliona."

Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua. Lakini safari hii aliyeficha si mgonjwa, na msemo wa hilo hakuna aliyekuwa nao. Nje mtu alikuwa akifagia maji ya mvua. Seremala alishusha pumzi.

"Mlango uliopinda unafumuliwa," akasema, si kwa furaha. "Ukiulazimisha kufunga, utapasua fremu." Akalitoa tawi mfukoni, akamnyooshea kinyozi. "Chukua chako. Nenda, usinisimamie hapa kama mwenye msiba."

Kinyozi akalipokea kwa mkono wake mzima, akalitia mfukoni. Akamshika bega, akaondoka.

Shangazi naye akainuka kuichukua sahani.

"Iache," seremala akasema.

"Imeshapoa. Nitakuletea nyingine."

"Nimesema iache. Na si kwa ajili yako."

"Sikusema."

Akaifunua. Alikula kwa hasira, kiatu kikiwa mguuni, akishindilia kijiko kama anayeziba ufa. Alipofika nusu alipumzika, akatazama sahani, kisha akawatazama wenzake kitanda kwa kitanda.

"Kumbe hiki ndicho mnachokula kila siku?"

"Ndicho," akajibu mzee wa pembeni, aliyekuwa amelala usingizi mzito dakika hiyohiyo.

"Poleni sana."

Mtu akacheka chini ya shuka, mwingine akafuata, na Sista akajifanya anarekebisha pazia. Shangazi hakukasirika. Katika miaka yake yote ya jikoni hakuwahi kuyasikia maoni hayo usoni, na mwenye kuyatoa alikuwa anaendelea kula.

Jikoni walikuwa wameshaanza kumwita. Sauti ilipanda kwa ngazi ikiuliza dengu zimefikia wapi. Alikuwa akiaga ndipo viatu vya mwanamke vikasikika vikikimbia kwenye korido. Seremala akaacha kijiko hewani.

"Ni yeye. Namjua kwa mwendo." Kwa mara ya kwanza alionekana kuogopa. "Shangazi, ulisema utamwambia."

"Nilisema."

Mwanamke akaingia akihema, suruali iliyopigwa pasi mkononi, tabasamu limetangulia. Shangazi alikwenda kumpokea kabla hajafika kitandani, akamshika mkono ule uliobeba suruali.

"Karibu, mwanangu. Mimi ndiye mpishi wa hapa. Njoo ukae kwanza, nina jambo la kukueleza."