Buti Zisizochakaa

Nilikuwa mtunza stoo wa mkandarasi mmoja wa kukata miwa, upande wa Ramisi. Miwa ya mkulima ikikomaa, tajiri wangu alipeleka wakataji wake, watu thelathini na mmoja, na mimi niliwanunulia mapanga, tupa za kunolea, glavu na vya kuvaa miguuni. Muwa hukatwa chini kabisa, pale shinani, na mkataji akikosea, panga humkuta mguuni. Kwa hiyo katika vyote nilivyonunua, kilichonikosesha raha ni miguu ya watu.

Nilipoanza kazi niliwakuta wakivaa buti za mpira za bei rahisi. Zilipasuka kwenye kifundo kabla msimu haujaisha, na panga likizigusa zilifunguka kama ganda la ndizi. Wakataji walizitukana kwa Kidigo na Kiduruma, wakazitia viraka, wakazivaa. Msimu ukifika tunanunua nyingine za namna ile ile. Jambo hilo liliniudhi kuliko ninavyoweza kueleza.

Wazazi wangu walihamia Mkongani kutoka bara, na nyumbani kwetu kitu kilinunuliwa mara moja. Nimekua na ubishi huo. Nilimfuata tajiri wiki nzima, ofisini na hata alipokuwa akinywa chai yake, nikimwambia kwamba buti ya ngozi yenye chuma mbele itadumu miaka mitatu, na kwamba panga halipiti pale. Akaniuliza kama nataka kuwavisha watu wa miwa kama askari. Nikamwambia ndiyo. Mwishowe alichoka na mimi, akatia saini.

Nilikwenda Ukunda mwenyewe kuzichagua. Muuzaji, mtu wa bara kama wazazi wangu, alinishikia za rangi ya kaki. "Madamu, chukua hizi, ziko poa kwa shamba," akasema. Nikachukua nyeusi. Nilijiambia kwamba nyeusi haionyeshi uchafu, lakini ukweli ni kwamba zilipendeza. Ukizipaka rangi kidogo na suruali ikashuka vizuri juu yake, huwezi kujua kama ni kiatu cha kazi.

Siku ya kuzigawa, wa kwanza kuchukua alikuwa mzee mmoja wa Kinango, mkubwa kuliko wote pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Alizigeuza nyayo juu, akazinusa ngozi, akazigonga kwa kucha pale penye chuma.

"Hizi ni zangu mimi?"

"Ni zako. Zitunze."

"Nitazitunza," akasema, akaondoka amezikumbatia kifuani.

Wote niliwaambia vivyo hivyo. Sikuona haja ya kusema zaidi. Nani atampa mtu buti halafu amfundishe kazi ya buti?

Baada ya miezi sita niliitisha ukaguzi. Wakataji huchukuliwa na trekta alfajiri na kupelekwa shambani moja kwa moja, kwa hiyo mimi, mtu wa stoo, nilikuwa siwaoni kazini. Siku hiyo walipita kwangu mmoja mmoja, wengi wakiwa wamebeba buti zao ndani ya mifuko ya nailoni. Nilidhani ni adabu, kwamba hawataki kunichafulia sakafu. Nikazikagua. Nyayo zilikuwa na meno yake yote. Ngozi haikuwa na mkwaruzo. Nyingine zilikuwa zimepakwa rangi zikang'aa. Nilifurahi kupita kiasi. Nikamwandikia tajiri barua ya ukurasa mzima kwamba buti hizi hazichakai, na kwamba hesabu yangu ya miaka mitatu ilikuwa ya woga, huenda zikafika mitano. Aliibandika barua ile ukutani.

Msimu uliofuata, saa nne asubuhi, msimamizi wa shamba alinipigia simu. Mzee wa Kinango alikuwa amejikata, mguu wa kushoto, sehemu ya mbele, na gari lilikuwa njiani kumpeleka hospitali.

Swali langu la kwanza halikuwa kama atapona. Nilimuuliza, "Alikuwa amevaa buti?"

"Dada, hakuna anayevaa zile buti shambani."

"Wanavaa nini?"

"Akala za tairi. Wengine ndara tu. Zile wanasema ni nzuri mno kwa miwa."

Nilikata simu nikarudi kwenye glavu nilizokuwa nikipanga. Nilizimaliza zote, za kulia upande wake na za kushoto upande wake. Mimi ni mtu wa hasira, waulize walionilea, lakini siku ile hasira haikuja, wala machozi. Mwili ulikuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu. Mchana nilikula wali wangu kama kawaida. Ulikuwa hauna ladha, na sikuongeza chumvi.

Siku zilizofuata niliwauliza wakataji wengine, nao hawakunificha. Buti zilikuwa zimehudhuria harusi. Zilikuwa zimekwenda kuposa. Mmoja alizivaa Ijumaa kwenda msikitini, kisha akaacha, asije akazikosa mlangoni. Zaidi ya yote zilikwenda matangani, na mwenye jozi alimwazima nduguye, na ndugu akamwazima shemeji. Jozi moja ilikuwa imezika watu wengi kuliko mimi. Waliniambia haya bila kuona haya, na mmoja alinishukuru tena. Niliitikia. Nilikuwa nikiwaza nyayo zile zenye meno yake yote, nilizozishika kwa mikono yangu nikazisifu. Kipofu angepapasa akajua.

Mzee aliporudishwa kwao nilikwenda Kinango kumwona. Mkewe aliniletea kiti na kikombe cha maji, na kule kwenye ukame maji si kitu cha kumpa mgeni kwa mazoea. Mzee alikuwa amejinyoosha kitandani, mguu umefungwa bandeji. Ulikuwa mfupi. Vidole vyote vilikuwa vimeondolewa, na kipande cha wayo pamoja navyo.

"Pole, mzee."

"Nimeshapoa, mwanangu."

Akamwambia mkewe azilete. Zilitoka ndani ya nailoni, zimejazwa magazeti zisiharibike umbo, na mzee alitaka nizirudishe stoo, apewe mwingine mwenye miguu miwili. Nikamwambia ni zake. Akasema alizivaa mara moja tu, alipomzika kaka yake, na siku hiyo watu wa ukoo walimpisha mbele. Alinieleza kwa utaratibu, kama mtu anayeogopa nitaumia.

Nilitaka kumwomba radhi, lakini maneno yaliyonitoka yalikuwa ya stoo. Nilimuuliza niwanunulie nini wenzake.

"Zile za mpira," akasema.

"Zile zilikuwa mbaya, mzee."

"Mbaya sana. Ndiyo maana tulizivaa."

"Panga lingezikata."

"Lingezikata," akakubali. Aliutazama mguu wake, kisha akanitazama mimi, bila lawama yoyote. "Lakini lingefika kwangu limechoka."