Msamaha Kabla ya Mtihani

Karandinga liliposimama, Mshonaji bado alikuwa akiwaza cherehani yake, nani ataitia mafuta. Gereza lile hakulijua. Ua wa saruji, kamba ya nguo, harufu ya dawa ya choo. Mnyapara alimwonyesha kitanda cha juu, akamtahadharisha asimwage maji, kwani aliyelala chini ni Profesa.

Profesa alikuwa mfungwa wa makamo, akisomea sheria katika darasa ambalo chuo fulani kilifungua humo gerezani. Wanawake walimsimulia Mshonaji habari zake bila kuulizwa. Zamani alikuwa hali chakula, halali usingizi, ukimgusa anang'ata. Alikuwa akigonga kichwa ukutani kama anayebisha hodi. Tangu aanze masomo analala fofofo, na mwenye kesi humwendea yeye kabla ya wakili. Alimshawishi hata Mshonaji ajiunge. Huyo akajitetea kwamba kichwa chake kimejaa uzi.

Mtihani wa mwisho ulibakiza wiki mbili, msamaha wa rais ukaja, na Profesa alikuwamo katika orodha ya wanaoachiwa. Bweni likapiga vigelegele. Yeye akakaa kitandani, mikono katikati ya magoti. Masomo yale yalikuwa ya wafungwa tu. Ukitoka langoni, umetoka na chuoni.

Alikwenda kwa mkuu wa gereza. Mshonaji, aliyekuwa akipiga deki mlangoni, alisikia yote.

"Afande, nibakize wiki mbili tu. Nitalala hata stoo."

"Mama, hapa si nyumba ya wageni. Nenda kwa wanao."

"Wanangu walishazoea kukaa bila mimi. Mtihani ndio unaonisubiri."

Mkuu aliinamisha uso, akasema sheria haimruhusu.

Bwenini walimtania kwamba ndiye wa kwanza duniani kukata rufaa dhidi ya uhuru. Alicheka nao, kisha akajifunika gubigubi. Alfajiri Mshonaji aliamshwa na kitanda kutikisika: kichwa, chuma, kichwa, chuma. Akashuka, akaweka kiganja chake katikati, hakukiondoa mpaka filimbi ya kuamka ilipolia.

Gauni alilokuja nalo Profesa lilikuwa limempwaya. Mshonaji alilibana mbavuni kwa sindano ya kuazima. Akamsindikiza hadi ilipoishia ruhusa.

"Kiti changu cha darasani kikikaa wazi watakiondoa, mdogo wangu."

"Dada, mimi na vitabu wapi na wapi?"

"Kalia tu."

Lango likafungwa. Mshonaji akabaki uani, kiganja kikimuuma.